Mkanda wa Tangi la Shemeji

Shemeji yangu hakunikosea kitu. Naanza na hilo kwa sababu anayesoma atalitafuta kosa lake humu, na mimi mwenyewe nimelitafuta zaidi ya miaka thelathini sijaliona. Alimwoa mdogo wangu kwa mahari kamili. Hakumpiga. Hakuja kwetu Maguu amelewa hata siku moja. Kila alipopanda kutoka ziwani alimletea mama yangu usipa, wale dagaa wadogo wa Nyasa waliokaushwa vizuri, na mama aliuficha juu darini nisiuone. Mimi mtoto wake wa kuzaa nilimpelekea paja zima la mbuzi, akasema asante, akalitia chumvi, basi. Lakini usipa wa mkwe! Kila jirani aliyebisha hodi alionjeshwa.

Nilimwonea wivu, na sioni haya kuliandika. Kulificha kungekuwa kudanganya.

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu. Kuchomelea nilijifunza katika karakana ya misheni kwa kutazama, hakuna aliyenikalisha kwenye dawati. Yeye alikuwa na cheti cha ufundi kutoka chuo cha mjini, amekitia kwenye fremu yenye kioo, kinaning'inia sebuleni pale ambapo mtu mwingine angeweka picha ya Bikira Maria. Tulifanya kazi pamoja karakana ya ushirika hapo Mbinga. Kukiletwa tela lililovunjika, meneja anamwita yeye aje alitazame, kisha ananiita mimi nije nilichomelee. Yeye jicho, mimi mkono. Mkono hauitwi ofisini kunywa chai.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaingia na malori yao, ushirika ukaanza kuchechemea, siku moja tukakuta karakana imefungwa kwa kufuli. Kila mtu akabaki na mikono yake. Mimi nikapata mashine kuukuu ya kuchomelea na jenereta lake, nikafungua kibanda Mbinga mjini, nikatengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma. Sikuazima mtu, sikubembeleza mtu. Shemeji akarudi kwao Lundo, ziwani.

Halafu akaja yule mama. Alikuwa mfanyabiashara mgeni, si wa mkoa wetu, ana malori na boti mbili za injini. Zamani dizeli ilikuwa na wenyewe. Sasa mwenye uwezo aliruhusiwa kuweka yake. Akataka matangi matatu ya chuma Lipingo, kwenye mwinuko juu ya ufukwe: mawili ya wastani, na moja kubwa ambalo huku kwetu lilikuwa halijaonekana. Akatuita wote wawili siku moja, akatusimamisha pale kwenye nyasi.

"Mafundi, mimi siwajui," akasema. "Kila mmoja atanijengea moja la wastani, pleti zilezile, kipimo kilekile. Lile kubwa atalijenga yule ambaye tangi lake litanipendeza."

Nilimtazama shemeji. Akatabasamu, akaniambia, "Haya shemeji, tusaidiane." Nikaitikia kwa mdomo. Moyoni nilisema: safari hii nitakuwa jicho na mkono.

Nieleze tangi lilivyo, maana si kila mtu amesimama chini yake. Unakunja pleti za chuma, unaziunganisha ziwe duara. Juu ya duara hilo unaweka duara jingine, na jingine, mpaka manne. La chini ni la pleti nene kwa kuwa uzito wa mafuta unakaa chini. Kadiri unavyopanda, pleti zinakuwa nyembamba, na zile za juu kabisa ukizigonga kwa ngumi zinaitika kama ngoma. Mwisho unaweka kifuniko. Kabla ya kifuniko, tangi ni kopo kubwa lililo wazi mdomo.

Tuliyajenga yakitazamana, hatua thelathini kati yetu. Mimi nilikwenda mbio. Mshono wangu ulikuwa umelala sawasawa kama uzi wa cherehani, na nilihakikisha kila anayepita anauona. Shemeji alikwenda polepole, anapima, anaandika kwenye kijitabu, anafuta, anapima tena.

"Shemeji, mbona unakwenda kama unafukuzwa?" akanipigia kelele asubuhi moja.

"Nafukuzwa na njaa. Sisi Wamatengo wa milimani hatulali ufukweni tukingoja samaki ajilete."

"Samaki hajileti, shemeji. Ndiyo maana ninyi mnakula maharage."

Akina mama waliokuwa wakianika muhogo hapo jirani walicheka sana. Walimcheka nani, sikupenda kujua.

Duara la nne lilipokaa, mimi nikajiona nimemaliza. Yeye ndiyo kwanza akaanza kazi nyingine. Alichukua vyuma vya engo, vile vyenye pembe, akavikunja kidogo kidogo kwenye kalibu aliyoitengeneza mwenyewe kwa gogo na misumari, mpaka vikapata mzunguko wa tangi. Akavichomelea kwa nje, mkanda mmoja mdomoni, mkanda mwingine chini yake. Na huo wa pili haukuwa katikati ya tangi. Ulikuwa juu zaidi, na ameukwepesha na mshono kwa upana wa kiganja. Halafu akautoboa tundu ndogo ndogo ili maji ya mvua yasikae.

Niliacha kazi nikavuka zile hatua thelathini.

"Hii ni nini?"

"Ya upepo, shemeji. Kitu cha duara kina nguvu maadamu ni duara. Upepo unataka kukifanya yai. Ukishafanikiwa kukifanya yai, kimekwisha."

"Na katikati hukuiona? Au chuoni mlipima kwa macho?"

"Katikati ya urefu siyo katikati ya unyonge," akasema, bila kukasirika. "Pleti za chini nene zinajitetea zenyewe. Unyonge uko juu huku kwenye nyembamba, ndipo unapotaka kushikwa."

Nikageuka nikawaambia vibarua, kwa sauti ya kufika mpaka kwa akina mama wa muhogo: "Njooni mwone! Shemeji amelivika tangi mkanda wa mjamzito, na mkanda wenyewe umepanda kifuani!"

Walicheka. Yeye naye alicheka. Angekasirika ningelala usingizi mzuri.

Nikamwuliza kama hayo yamo kitabuni mwake. Akakuna kichwa. "Kitabu kina majedwali ya matangi makubwa ya bandarini, na upepo wa huko kwao. Kuhusu mikanda kinasema wazi. Kuhusu hizi pleti zetu nyembamba na huu upepo wetu wa mwera, sikuwa na uhakika mkanda wa pili niuweke wapi. Ndiyo nikamwuliza mama."

"Mama gani?"

"Mama yetu. Wa Maguu."

Ilinichoma. Alipanda kwenda Maguu kumwuliza mama yangu habari za tangi! Akanisimulia. Alikwenda na usipa wake, akakaa nje kwa heshima ya ukwe, akaona kihenge cha mahindi kimesimama uwanjani. Akakitazama zile fito za mianzi zinavyokizunguka: chini zimeachana mbali, juu zimekaribiana. Akauliza kwa nini. Mama akamwambia chini mianzi iliyopasuliwa ni minene, juu ni myembamba, basi juu ndiko kunakofungwa zaidi. Akaongeza kuwa kihenge hakiuawi na mahindi, kinauawa na utupu. Kikijaa, mahindi yenyewe yanakishikilia. Kikiwa kitupu, upepo wa baridi wa Umatengo unakikunja kama kapu la zamani.

Nilijua. Nasema kweli mbele ya Mungu, nilijua. Fito hizo nilizishika mimi kwa mikono yangu nikiwa mtoto, mama anafunga kamba, ananiambia maneno yaleyale, kihenge kinauawa na utupu, shika vizuri wewe. Alinipa mimi kwanza. Nikaishi nayo miaka yote hiyo kama mtu mwenye ufunguo mfukoni anayelala nje. Akaja mtu wa Lundo na cheti chake, akauliza swali moja tu, akapewa.

Ningeweza kusema: kweli, shemeji, hata mimi aliniambia. Mdomo wangu ukasema, "Mama hajui chuma."

Akarudi kwenye mkanda wake.

Tukajaza maji kupima kama kuna panapovuja. Pampu ya yule mama ilivuta maji ya ziwa mchana kutwa. Tangi langu halikutoa hata jasho. La shemeji lilitokwa machozi mahali pawili, akapaweka alama kwa chaki, akayamwaga maji, akapachomelea upya. Siku hiyo nilikula ugali mwingi. Nilipita kando ya tangi lake mara nne bila sababu, kutazama chaki.

Vifuniko vilikuwa bado Mbinga. Ulikuwa msimu wa kahawa, na kila lori lilikodishwa na wanunuzi. Kwa pleti zetu hakukuwa na nafasi. Na mwera, huo upepo wa kusini unaolivuruga ziwa wakati wa baridi, ulikuwa umeanza kunusa. Mama mwenye mali akatuma habari kuwa atafika Jumamosi kukagua.

Alhamisi shemeji akaja upande wangu. Alikuwa amevua kofia.

"Shemeji, usiyamwage maji. Tangi lako halina mkanda wala kifuniko. Acha maji yalishikilie mpaka vifuniko vije. Tafadhali."

Neno hilo angelisema kibarua ningelisikia. Angelisema mvuvi ningelisikia. Angelisema hata mlevi. Lakini alilisema yeye, na kwa tafadhali, na ndani ya tafadhali hiyo nilimsikia mama yangu. Akaondoka. Hajafika kwenye tangi lake, mimi nimeshafungua koki. Maji yakatoka kwa kishindo yakateremka mpaka ufukweni, akina mama wakaokota muhogo wao wakikimbia, wananitukana. Nilitaka Jumamosi yule mama apande ngazi, achungulie, aone sakafu kavu iliyofagiliwa. Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia watu. Sababu yenyewe umeshaisoma.

Ijumaa mwera ukaja. Ulianza asubuhi wakati tunakunywa chai. Kwanza tangi langu likaanza kupumua. Upande wa kusini unaingia ndani kidogo, unatoka. Unaingia, unatoka, na kila unapotoka unasema dum. Nikamwambia kibarua wangu ni kawaida. Nikaushika ukuta kwa viganja viwili, kama mtu anayemshika ng'ombe asilale chini. Nilihisi chuma kinahema. Saa nne hivi ukaja upepo mmoja mrefu, haukukatika, na ukuta ukaingia ndani haukutoka tena. Mlio wake ulisikika Lipingo nzima. Nilipotazama, tangi langu lilikuwa na shimo la kubonyea ambalo mtu mzima angejikunyata ndani yake, na mdomo wa juu, niliouchora duara kwa siku mbili, ulikuwa yai.

La shemeji, hatua thelathini tu, upepo uleule, lilisimama. Nalo lilikuwa tupu, maana alikuwa hajaanza kulijaza upya. Lilivuma tu, kama mtu anayeimba mdomo umefungwa.

Hakuja kunitazama. Alijishughulisha na jenereta lake lisilo na ubovu. Hilo nalo sikumsamehe.

Jumamosi yule mama akashuka kwenye gari, akasimama, akatazama tangi la kulia, akatazama la kushoto.

"Fundi," akaniambia, "hili lako mbona limekunja uso?"

"Pleti zilikuwa mbovu, Mama."

Akamgeukia shemeji. "Wewe ulipewa pleti nyingine?"

Shemeji akatazama chini. Nilimwona anatafuta njia ya kupita, na njia hakuna. "Zilezile, Mama. Lakini naomba uusogelee mshono wake. Tangi limebonyea kiasi hicho, na mshono haujafunguka hata mahali pamoja. Mimi ningekuwa nimepasuka kutoka juu mpaka chini. Wilaya nzima hakuna mshono kama huo."

Yule mama akausogelea, akapitisha kidole. Kisha akasema alichokuja kusema: tangi kubwa atajenga shemeji.

"Nitalijenga," shemeji akasema, "lakini achomelee yeye."

Sijawahi kutukanwa vizuri namna ile. Ningeweza kumvumilia akinicheka. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Mimi si mkono wa mtu," nikaondoka.

Lakini tangi langu lilikuwa bado limesimama pale na uso wake, na sikuwa mtu wa kuacha kazi imekunjamana. Jumatatu nikafunga koki, nikaomba pampu, nikaanza kujaza maji polepole. Maji yalipopanda yakausukuma ukuta taratibu, mpaka ghafla ukarudi nje kwa mlio wa bunduki, vibarua wakalala chini. Kovu likabaki, lipo mpaka leo. Maji safari hii sikuyagusa. Nikaenda kwa shemeji kuazima kalibu yake ya kukunjia engo. Sikusema shikamoo wala habari za asubuhi. Nikasema, "Kalibu."

Hakunipa kalibu. Akainua turubai nyuma ya jenereta. Chini yake kulikuwa na engo zimeshakunjwa, mzunguko mzima wa mdomo na mzunguko mzima wa mkanda wa pili, tundu za maji zimeshatobolewa.

"Nilikunja za matangi yote mawili," akasema. "Nilikuwa nangoja uulize."

"Sasa kwa nini hukuniletea?"

"Ningekuletea ungezikata ukatengenezea geti."

Nikacheka. Sikutaka, ilinitoka tu. Kisha nikakasirika kwa kuwa nimecheka, nikabeba engo zangu nikaenda. Nilizichomelea siku mbili, na mkanda wa pili niliuweka juu kifuani, palepale alipouweka yeye.

Nilipomaliza nikapanda Maguu. Mama alikuwa ameketi kwenye jua anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Tangi la mkwe wangu limesimama?"

Nilihesabu maharage yaliyokuwa kwenye ungo.

"Limesimama."

"Na lako?"

"Limesimama."

"Umelifunga?"

"Nimelifunga."

"Nani kakuambia?"

Jina la shemeji lilikuwa mdomoni tayari. Nikalimeza. "Wewe mama. Zamani, tukifunga kihenge. Nilishika fito."

Alinitazama kama anayepima iwapo nimekonda. "Ulikuwa unashika vibaya," akasema. Akainuka, akaingia ndani, nikamsikia anapapasa darini. Akarudi na kibakuli cha usipa, akakiweka mbele yangu. Nilikula. Ulikuwa mtamu, sitadanganya. Nilipofika nusu akauvuta mkono wangu. "Bakiza. Mkwe wangu akija asikute patupu."

Wiki iliyofuata nikateremka Lipingo na mashine yangu. Shemeji alikuwa ameshapanga pleti za tangi kubwa. Hakuuliza nimefuata nini. Alinionyesha kwa kidole pa kuanzia, nikavaa miwani nikaanza. Tulilijenga msimu mzima, likapata mikanda mitatu, yote amepima yeye kwa kijitabu na yote nimeichomelea mimi, nikiwa juu ya jukwaa la miti, mwera ukinivuta shati. Watu wakaliita tangi la shemeji yangu. Hakuna aliyeliita langu. Yeye kila alipoulizwa alisema, "Mshono ni wa shemeji," na kila aliposema hivyo nilitamani anyamaze.

Yule mama alishauza biashara akaondoka. Matangi bado yapo, yana kutu kidogo. Nikipita Lipingo huwa nasimamisha pikipiki, nalizunguka lile kubwa polepole, upande wa kusini hasa, mkono mmoja ukutani. Natafuta mahali palipobonyea. Mishono siitazami, najua iko sawa. Natafuta kosa la kipimo chake, hata kama ni la ukubwa wa kikombe. Mara ya mwisho ilikuwa wakati wa mwera, Juni hii iliyopita. Sikuliona.